Kwetu ni Wapi? Tulivyofika Mwembesongo

Ukimwuliza mtoto wa Mwembesongo kwao ni wapi, atakujibu bila kufikiri, "Hapa hapa." Mwulize mama yake swali hilohilo, naye atanyamaza kidogo kwanza. Halafu atakutajia Matombo, au Mgeta, au Songea, au Kasulu, mahali ambapo pengine hajakanyaga kwa miaka 20.

Mpenzi msomaji, swali hili tulilisikia kwa uchungu siku ya tatu ya msiba wa jirani yetu. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka uani, wengine tunachambua mchele, wengine tunaosha sufuria. Wapwa wa marehemu walikuwa barazani pamoja na mama yao. Mmoja wao akauliza, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa: "Na huyu mama atarudi kwao lini?"

Hakuna aliyejibu. Mjane alikuwa chumbani, ameketi chini, miguu ameinyoosha, wala hatukujua kama alisikia. Alikuwa amekaa katika nyumba ile miaka 26. Watoto wake wanne walizaliwa akiwa hapo. Kwao ni wapi tena?

Tangu siku ile tumekuwa tukiulizana sisi kwa sisi: Tulifikaje hapa? Nani alimkuta nani? Tumewauliza bibi zetu, tumewauliza wazee, na vitabu vya historia tumevisoma. Tuliyoyapata tunakuandikia, kwa sababu tunaamini kwamba hata huko unakoishi swali hili lipo, ila bado halijaulizwa kwa sauti.

HATA MWEMBE NI MGENI

Mwembesongo ni kata mojawapo ya Manispaa ya Morogoro, kiasi cha kilomita 190 kutoka Dar es Salaam. Ukisimama uani asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, unaiona milima ya Uluguru upande wa kusini, ambayo vilele vyake virefu vinapita mita 2,600. Mito yetu inatoka huko, na ndizi, maharage na kabichi tunazopika zinatoka huko.

Jina la mahali petu limebeba mti: mwembe. Nao mwembe si mti wa asili wa Afrika. Ulitoka Asia ya kusini, ukavuka bahari mpaka pwani yetu, na misafara iliyokuwa ikienda bara ikaueneza njiani hadi Ujiji. Mpaka leo miembe mikubwa huonyesha mahali ilipopita njia ya zamani. Basi, hata mti tunaouita wetu ulikuja kama sisi tulivyokuja. Ulipata udongo, ukaota, na leo hakuna anayeuuliza utarudi kwao lini.

MJI ULIOTAWALIWA NA BINTI

Katika karne ya 19, chini ya milima hii palikuwa na njia ya misafara kati ya pwani na bara. Hapo ndipo alipofika Kisabengo, mtu wa Uzigua. Aliwakusanya watu wengi waliotoroka utumwa, wakamfanya kiongozi wao. Akapata ardhi na kujenga mji wenye ukuta kando ya mto, akauita Simbamwene.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akielekea kumtafuta Livingstone. Aliandika kwamba aliona ukuta wa mawe, minara kwenye pembe, na malango manne yenye milango ya mbao iliyochongwa nakshi. Yeye alimwita Kisabengo mnyang'anyi. Watu wa Morogoro wanamkumbuka kama mwanzilishi wa mji, na soko kuu lililofunguliwa mwaka 2021 limepewa jina la Chifu Kingo, jina la ukoo wake.

Lakini lililotuvutia sisi akina mama ni hili: Stanley alipofika, Kisabengo alikwisha kufa. Aliyekuwa akitawala ni binti yake mkubwa. Baba kabla ya kufa aliagiza yeye ndiye amrithi, akampa hata jina la mji, Simbamwene. Binti huyo aliachiwa mji mzima na baba yake kwa maneno yaliyosikiwa na watu.

Mwaka uliofuata, 1872, mvua kubwa na mafuriko yalibomoa ukuta wa mbele na nyumba zipatazo 50. Stanley aliporudi alikuta mtawala yule amekimbia. Kwa hiyo mji wetu ulianza na watu waliokimbia utumwa, na haukumaliza muda mrefu kabla watu wake hawajakimbia tena, safari hii wakiyakimbia maji. Sisi tunaoishi sehemu za chini tunajua hofu ya mvua za usiku. Tunawaelewa.

Muda si mrefu walikuja pia wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanza kazi Bagamoyo mwaka 1868. Huko Bagamoyo waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto. Watoto hao walipokua na kuoana, baadhi yao walipelekwa bara kuanzisha vijiji vya Kikristo. Mhonda, kaskazini ya hapa, ilianza hivyo mwaka 1877. Hebu fikiria mabibi harusi wale. Walikuwa wamenyakuliwa kwa mama zao wakiwa wadogo, hawajui walitoka kabila gani, na sasa wanaambiwa wajenge nyumba mahali pageni na kupaita kwao. Wakajenga.

RELI, MKONGE NA KIPANDE

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1907 ilifika Morogoro. Baadaye ikaendelea mpaka Kigoma, ilikofika mwaka 1914. Pamoja na reli yalikuja mashamba ya mkonge. Mkonge nao ni mgeni. Miche yake ililetwa Tanga mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf kutoka Florida, Marekani. Ilisafirishwa miche 1,000, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaota mashamba ya nchi nzima, pamoja na yale yanayouzunguka mji wetu.

Mashamba yalihitaji mikono. Watu waliletwa kutoka Songea, Kigoma, na hata Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba. Kazi zao ziliandikwa kwenye kipande, na mwezi haukuhesabiwa kuwa umekwisha mpaka siku 30 za kazi zimetimia. Ukiugua, siku haihesabiwi. Wengi walikusudia kukaa mwaka mmoja au miwili, wapate fedha za kodi na mahari, warudi. Baadhi yao hawakurudi. Walioa, wakazaa, na kambi ya mkonge ikawa ndiyo nyumbani.

Yule mjane tuliyeanza naye ni binti wa mtu kama huyo. Baba yake alitoka Songea. Yeye alizaliwa kambini, na Songea ameiona mara mbili tu maishani mwake.

WALIOTEREMKA MLIMANI

Kundi jingine, tena kubwa, ni wale walioteremka kutoka milimani. Jina Waluguru lenyewe maana yake ni watu wa mlimani. Kwa desturi yao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hupita kwa upande wa mama. Mwanamume akioa, mara nyingi huenda kulima katika shamba la ukoo wa mke. Mjomba ana sauti kubwa kuliko baba.

Bibi mmoja wa Matombo, tulipomwamkia na kuketi miguuni pake, alitucheka. "Nyie wajukuu zangu mnasema mwanamke hana ardhi? Mimi babu yenu alinikuta kwenye ardhi ya mama yangu. Tungegombana, angeondoka yeye na panga lake."

Lakini watu waliongezeka na mashamba ya mlimani hayakuongezeka. Udongo ulichukuliwa na mvua. Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa ngumu na faida hawakuiona. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, na mpango ukaachwa. Shida ya ardhi haikuachwa. Vijana waliendelea kuteremka, kwanza kuuza ndizi na mboga na kurudi, kisha kupanga chumba, kisha kununua kiwanja.

Baada ya Uhuru mji ulizidi kukua. Katika miaka ya 1970 na 1980 vilijengwa viwanda vya viatu, ngozi, turubai na nguo. Huko Mazimbu, wakimbizi wa Afrika Kusini walipewa shamba la zamani la mkonge mwaka 1977, wakajenga shule na makazi. Walipoondoka mwaka 1992 kurudi kwao, baadhi waliondoka na wake zao Watanzania, na wengine waliacha watoto hapa Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine kikaanzishwa mwaka 1984. Kila kazi iliwaita watu, na kila mtu alihitaji mahali pa kulala. Mwaka 1967 Morogoro ilikuwa na watu wapatao 25,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 471,000 katika manispaa.

Miaka ya 1990 viwanda vingi vilifungwa. Baba wengi walirudi nyumbani na barua ya kuachishwa kazi. Hapo ndipo akina mama walipowasha majiko: maandazi, vitumbua, chapati, genge la nyanya mbele ya nyumba. Nyumba nyingi tunazoziona leo zilianzishwa kwa mshahara wa baba na kuezekwa kwa maandazi ya mama. Lakini tukitazama karatasi za kiwanja, jina lililoandikwa ni moja tu.

KATI YA KOO MBILI

Turudi kwa jirani yetu. Mume wake alikuwa Mluguru wa upande wa Matombo. Kwa desturi ya kwao, mwanamume akifa mali yake hurudi kwa ukoo wake, yaani kwa ndugu wa upande wa mama na kwa watoto wa dada zake. Wapwa wale hawakuwa wezi. Dada wa marehemu, yaani wifi wa mjane, ndiye aliyemlipia kaka yake ada ya shule kwa kuuza ndizi. Walikuwa wakifuata walichokijua tangu utotoni.

Kule mlimani desturi hiyo haikumwumiza mjane, kwa kuwa yeye alibaki kwenye shamba la mama yake na watoto wake. Kila upande ulikuwa na pake. Lakini nyumba ya Mwembesongo haikutoka kwa mama wa mtu yeyote. Ilinunuliwa. Na mjane huyu hakuwa na shamba la mama Uluguru. Kwa watu wa baba yake kule Songea, binti aliyeolewa ameondoka. Kwa watu wa mume wake, mke hakuingia katika ukoo wao. Mama huyu alikuwa ameanguka katikati ya koo mbili, na mahali pekee alipokuwa na watu ni hapo alipokuwa ameketi.

Tumeligundua jambo hili, akina mama. Kwa desturi za upande wa baba wanakuja shemeji, kwa desturi za upande wa mama wanakuja wapwa, lakini swali ni lile lile: utarudi kwenu lini?

DAFTARI LA MAANDAZI

Kilichomsaidia ni kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Tangu aanze kupika maandazi, mama huyu alikuwa na daftari. Upande mmoja aliandika unga, mafuta na kuni. Upande wa pili aliandika fedha ilikokwenda: mifuko ya saruji, mabati, misumari, fundi, kila kimoja na tarehe yake. Alikuwa akiandika ili asiibiwe na fundi, basi. Yalikuwa madaftari matano, mengine yameliwa na mende pembeni. Pia alikuwa na cheti cha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wanne.

Kikao cha ukoo kilimpendekeza mpwa mmoja asimamie mirathi. Watoto wa marehemu walipinga katika Mahakama ya Mwanzo. Hakimu alisikiliza pande zote, akayapitia madaftari, akamteua mjane pamoja na mwanawe mkubwa kuwa wasimamizi wa mirathi. Ilichukua karibu miaka miwili. Hatutaki kukudanganya kwamba yote yaliisha vizuri. Wifi hakuja kwenye harusi ya binti wa kwanza, na mpaka leo salamu ni za mbali. Lakini paa halikuhama.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

SHERIA INASEMAJE?

Wengi wetu tunadhani sheria haitujui. Si kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kuwa na mali yake mwenyewe, sawa na mwanamume. Inasema pia kwamba nyumba ya familia haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja wa wanandoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bibi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua na kulea kunahesabiwa.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba desturi ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, wakati mwanamume anaruhusiwa, ni ubaguzi usiokubalika. Na Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi kama mwanamume.

Wala jambo hili si geni hata katika Maandiko. Kitabu cha Hesabu kinatueleza habari za mabinti watano wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa wakadai fungu la baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Hawakutukana, hawakulia. Walieleza shauri lao, na wakapewa. Lakini ilibidi wasimame na kusema.

TUFANYE NINI SASA?

Tumekubaliana kufanya mambo haya, nawe tunakusihi uyafikirie pamoja na mwenzio, wakati wote wawili mkiwa wazima na mna amani.

Kwanza, tazama karatasi za kiwanja chenu. Kama ni mkataba wa mauziano, umeandikwa jina la nani, na mashahidi ni akina nani? Mnapoomba hati au leseni ya makazi, ombeni kwa majina yenu wote wawili. Usilianze jambo hili kwa ugomvi. Mama mmoja alimwambia mumewe, "Baba, nikitangulia mimi, sitaki ndugu zangu waje kukusumbua." Mume akacheka, lakini wiki ile ile wakaenda.

Pili, tunza vyeti: cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto. Viweke mahali pasipofikiwa na maji ya mafuriko wala mchwa.

Tatu, andika. Daftari lililookoa nyumba si jambo la kuchekwa.

Nne, zungumzeni kuhusu wosia. Wako wanaodhani kuandika wosia ni kujitakia kifo. Kisabengo alitamka nani amrithi, na binti yake akakalia kiti. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa kwa wakala wa serikali anayeitwa RITA. Wala msiwasahau ndugu. Kama wifi alimsomesha mumeo, mkumbukeni naye. Mara nyingi anayegombea nyumba ni yule ambaye shukrani yake haikutajwa.

Mwisho, wasimulieni watoto. Waambieni babu alitoka wapi, alipanda treni ya nani, bibi aliteremka na mzigo gani kichwani. Mtoto anayejua jinsi familia yake ilivyofika mahali hawezi kukubali upesi akiambiwa mama yake ni mpita njia.

Jioni ya leo, baada ya chakula, jaribuni kuulizana hivi nyumbani kwenu: Tulikuja hapa mwaka gani? Nani alitupokea? Kiwanja hiki kilinunuliwa kwa fedha ya nani? Na mmoja wetu akiondoka, atakayebaki atalala wapi?

Usisubiri msiba ndipo uulizwe kwenu ni wapi.